Mwanafunzi wangu aliuliza kama yule mwanamke mateka aliulizwa

Barua

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kipaimara katika usharika mmoja mkoani Kigoma. Vijana wangu wana umri wa miaka 14 hadi 17, na baadhi yao wametoka katika familia zilizovuka ziwa kutoka Kongo kwa sababu ya vita. Tulikuwa tukisoma Kumbukumbu la Torati sura baada ya sura, tukafika sura ya 21, aya ya 10 hadi ya 14. Hapo pana sheria inayosema kwamba Mwisraeli akienda vitani, akaona kati ya mateka mwanamke mzuri na kumtamani, anaweza kumleta nyumbani kwake. Mwanamke huyo anyolewe kichwa, akatwe kucha, avue mavazi aliyotekwa nayo na kuwalilia baba na mama yake mwezi mzima, ndipo yule mwanamume awe mume wake. Iwapo baadaye hapendezwi naye, amwache aende atakako, wala asimwuze.

Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida ni mkimya, akauliza: "Mwalimu, yeye aliulizwa?" Kabla sijajibu, kijana aliyekaa nyuma yake akasema hakukuwa na haja ya kumuuliza mateka, na kwamba kuolewa ilikuwa bahati yake kwa kuwa ndugu zake walikuwa wameuawa. Msichana akafunga Biblia yake, akatoka nje, na tangu siku ile hajarudi darasani. Mama yake alinieleza baadaye kwamba shangazi wa huyo mtoto alichukuliwa na wapiganaji, akawekwa msituni na mmoja wao aliyemwita mke wake, na kwamba leo shangazi huyo anaishi nao nyumba moja.

Nililipeleka jambo hili kwa mzee wa kanisa anayesimamia elimu ya Kikristo. Akaniambia kwamba sheria ya Mungu haihojiwi, kwamba ilikuwa sheria ya huruma ukilinganisha na mataifa mengine ya wakati ule, na kwamba niendelee na sura ya 22. Mwalimu mwenzangu anasema nisijisumbue, Agano la Kale limeshapita. Nilipokuwa nikijiandaa peke yangu nikasoma pia Hesabu 31, habari za vita juu ya Wamidiani, nikaona kwamba mzigo ni mzito kuliko nilivyodhani.

Sitaki kumdanganya mtoto huyu, wala sitaki kuwa sababu ya yeye kuiacha imani. Nimwambie nini? Na darasa nilifundisheje?

Mwalimu wa kipaimara, Kigoma

Jibu

Amina, Mwalimu, na marahaba.

Swali la mwanafunzi wako lina jibu fupi. Hapana, hakuulizwa. Katika aya zote tano mwanamke yule hasemi neno hata moja. Analia tu, na hata kilio chake kimepangiwa muda. Mwambie hivyo kabla hujamwambia jambo lingine lolote, kwa sababu mtoto aliyesoma Maandiko na kuona kilichomo anastahili kwanza kuambiwa kwamba ameona sawasawa. Ukianza na maelezo marefu ya mila za kale na ukali wa mataifa jirani, atasikia unamtetea yule askari.

Baada ya hapo rudini pamoja kwenye aya zenyewe, mzisome polepole, mkijiuliza sheria hii inasema na nani. Inasema na mwanamume mwenye silaha ambaye ameshashinda vita. Haimwamuru atwae mwanamke. Inaanzia pale ambapo tayari amemwona na kumtamani, kisha inamwekea vizuizi kimoja baada ya kingine. Kwa jinsi aya zinavyosomeka, hana ruhusa ya kutimiza haja yake pale pale vitani. Sharti ampeleke nyumbani kwake, mahali ambapo jamaa na majirani wanaona anachofanya. Sharti akae naye chini ya paa moja mwezi mzima, akimtazama aliyenyolewa kichwa, akimsikia akiwalilia wazazi ambao huenda waliuawa na jeshi lilelile alilokuwamo yeye. Bado anamtaka? Basi amfanye mke. Na siku atakapomchoka, hawezi kumpeleka sokoni ajirudishie chochote. Ninyi mnaokaa karibu na Ujiji, mji ambao misafara ya pembe na watumwa ilipitia kwenda pwani, mnaweza kupima uzito wa katazo hilo la kuuza kuliko wasomaji wengi wa Biblia walioko mbali.

Lakini kwangu mimi uzito wa sheria yote umo katika maneno yake ya mwisho. Mwanamume anakatazwa kumwuza au kumtendea kama mtumwa "kwa kuwa umemtweza". Hapa anayesemwa ni mtu aliyetimiza masharti yote: alingoja mwezi, alioa, hakubaka vitani kama wengine. Torati haimsifu kwa uvumilivu wake, wala haisemi kwamba alimwokoa mwanamke yule. Inamwambia kwamba amemtweza, na kwamba kwa sababu hiyo ana deni kwake. Kijana wako aliyesema kuolewa ilikuwa bahati amesema jambo ambalo sheria yenyewe imekataa kulisema. Mwonyeshe maneno hayo, mwache ayasome kwa sauti yake mwenyewe.

Hata hivyo usiipambe sheria hii kupita ilivyo. Imezuia ubaya usizidi, haikuukomesha. Mwanamume ndiye aliyetamani, ndiye aliyechagua, na ndiye aliyeamua kama atamwacha au atakaa naye. Kwa upande wa mwanamke, uhuru wake ulitegemea kuchokwa. Darasa lako linapaswa kusikia pande zote mbili bila upande mmoja kutumiwa kuufunika mwingine.

Nikigeukia neno la mzee wenu, kwamba sheria hii ilikuwa ya huruma kuliko za mataifa mengine, naliona kuwa lina ukweli ndani yake, ila haliwezi kubeba kazi anayolitwika. Ukatili wa vita vya nyakati zile unajulikana. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, yamehifadhiwa mawe ya kuchongwa yaliyotoka katika kasri la mfalme Senakeribu wa Ashuru huko Ninawi, yanayoonyesha kutekwa kwa mji wa Lakishi katika Yuda mwaka 701 KK: familia zinatoka mjini na mikokoteni yao ya ng'ombe, watoto wamepandishwa juu ya mizigo, na kando yao wako wanaume wanaochunwa ngozi. Senakeribu aliandika kwamba alitoa Yuda watu 200,150. Idadi hiyo huenda imekuzwa, kama wafalme walivyozoea kufanya, lakini uhamisho wenyewe ulikuwa wa kweli. Israeli ilijua utekaji kutoka pande zote mbili, na baadaye, Yerusalemu ulipoangushwa na Wababeli, kitabu cha Maombolezo kikaandika kilio cha wanawake waliotendwa jeuri katika Sayuni. Tena Waamuzi 5 inamwonyesha mama yake Sisera, jemadari wa Kanaani, akichungulia dirishani na kushangaa kwa nini gari la mwanawe limekawia, huku wanawake wenye hekima wa nyumba yake wakimfariji kwamba bila shaka jeshi linagawana nyara, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume. Wimbo huo umewekwa kinywani mwa Debora, mwanamke, na sioni mahali pengine katika Biblia palipofichua kwa uchungu zaidi namna watu wenye heshima zao wanavyoweza kuyazungumza mateso ya binti za wengine kama habari njema.

Basi linganisho la mzee ni halali kwa mtu anayeandika historia ya sheria. Kwa shangazi wa huyo msichana halina faida yoyote. Aliyenyimwa hiari yake harudishiwi alichonyimwa kwa kuambiwa kwamba kwingine wananyimwa zaidi.

Walimu wa Kiyahudi hawakungoja sisi tuwafundishe kuona tatizo hili. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, risala ya Kidushini, imeandikwa kwamba hapa Torati ilisema kwa ajili ya tamaa mbaya ya mwanadamu tu, yaani iliruhusu kwa shingo upande kile ambacho ilijua kitafanyika hata kikikatazwa. Rashi, mfafanuzi mkuu wa Troyes nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, akifuata mapokeo ya waliomtangulia, alitazama mpangilio wa sura hiyo ya 21 na kuona onyo ndani yake. Mara baada ya sheria ya mateka inafuata sheria ya mke anayechukiwa, na baada ya hiyo inafuata ya mwana mkaidi asiyewasikia wazazi wake. Akasema kwamba mwanamume atakayemwoa mateka kwa njia hiyo ataishia kumchukia na kuzaa naye mwana wa namna hiyo. Hawa ni watu walioiheshimu kila herufi ya Torati. Waliihoji kwa sababu waliiheshimu, na hilo unaweza kumwambia mzee wenu kwa adabu zote.

Sisi Wakristo tunalo neno lililo karibu zaidi na hapo. Mafarisayo walipomuuliza Yesu kuhusu talaka, katika Mathayo 19, aliwajibu kwamba Musa aliwapa ruhusa kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, lakini tangu mwanzo haikuwa hivi. Bwana mwenyewe ametufundisha kwamba ndani ya Torati yamo mambo yaliyoruhusiwa kwa sababu ya ugumu wa mioyo, na kwamba yanapimwa kwa kile kilichokusudiwa mwanzo. Kwa hiyo shauri la mwalimu mwenzako, kwamba Agano la Kale limepita na mliruke, silikubali. Mkiliruka, mtamwachia kila mwenye kutafuta kisingizio achukue aya anayoitaka, na nyinyi mtakuwa hamna la kumjibu.

Hesabu 31 ni jambo jingine, na nakusihi usiifanye ionekane sawa na Kumbukumbu 21. Huko Musa anawakasirikia maakida kwa kuwaacha hai wanawake wa Midiani, anaamuru wavulana wauawe pamoja na kila mwanamke aliyemjua mume, na wasichana 32,000 wanahesabiwa katika orodha ya nyara baada ya kondoo, ng'ombe na punda. Wasomi wengi wanaona kwamba sura hiyo iliandikwa na makuhani muda mrefu baada ya nyakati inazozieleza. Idadi zake ni za kukadiria, hakuna Mwisraeli hata mmoja anayepotea vitani, na Wamidiani wanaosemekana kumalizwa wanatokea tena katika Waamuzi 6 wakiwa wengi kama nzige. Hoja hizo zina nguvu kwa mwanahistoria, lakini haziondoi swali, kwa sababu hata kama vita hivyo havikutokea namna hiyo, yupo aliyeandika kwamba ndivyo ilivyopasa kutokea. Kitu kimoja katika sura hiyo hunisimamisha kila ninapoisoma: kila aliyeua mtu, na kila aliyegusa maiti, sharti akae nje ya kambi siku saba na kujitakasa. Hata pale ambapo kuua kumeamriwa, aliyeua anarudi akiwa najisi. Kijana akikuuliza kuhusu sura hii, usimtetee yeyote aliyeua watoto. Mwambie kwamba sura hii inatutisha, kwamba ni haki itutishe, na kwamba Biblia hiyohiyo ina sauti zinazosema kinyume chake.

Na sauti hizo zipo kweli. Ile ninayotaka darasa lako liisome neno kwa neno imo katika 2 Mambo ya Nyakati 28. Peka mfalme wa Israeli ameishinda Yuda ya mfalme Ahazi, na jeshi lake linarudi Samaria na mateka 200,000, wanawake, wana na binti. Nabii aitwaye Odedi anatoka kwenda kulilaki jeshi. Fikiria mtu mmoja barabarani mbele ya askari waliolewa ushindi. Anawaambia kwamba wameua kwa ghadhabu iliyofika mbinguni, kwamba sasa wanakusudia kuwafanya watu hawa watumwa wao, na anawauliza kama wao wenyewe hawana makosa juu ya Bwana. Kisha wakuu wanne wa Efraimu, nao wametajwa kwa majina, Azaria, Berekia, Yehizkia na Amasa, wanasimama mbele ya jeshi na kusema kwamba mateka hawaingii. Askari wanawaacha mateka na nyara mbele ya wakuu na kusanyiko lote. Linalofuata limeandikwa kwa utaratibu usio wa haraka: waliokuwa uchi wanavikwa nguo zilizotoka katika nyara, wanapewa viatu, wanalishwa na kunyweshwa, wanapakwa mafuta, walio dhaifu wanapandishwa juu ya punda, na wote wanapelekwa Yeriko kwa ndugu zao. Mwandishi angeweza kusema tu kwamba waliachiliwa, lakini ameona inafaa kutaja hata viatu, kwa kuwa kumwachilia mtu uchi njiani ni kumtupa.

Mwanafunzi mwerevu atakuuliza: je, hawakuhurumiwa kwa sababu walikuwa ndugu? Ni kweli, Odedi anawaita ndugu zenu. Ndipo umpeleke 2 Wafalme 6, ambako askari wa Shamu, adui wa kigeni, wanaangukia mikononi mwa mfalme wa Israeli ndani ya Samaria, naye anamuuliza Elisha kwa hamu kama awapige. Elisha anakataa, anaagiza wapewe mkate na maji, mfalme anawaandalia karamu kubwa, na wanarudishwa kwa bwana wao. Sura moja tu nyuma, katika 2 Wafalme 5, yumo msichana mdogo wa Israeli aliyetekwa na vikosi vya Shamu hiyohiyo na kufanywa mtumishi wa mke wa Naamani, jemadari wa Shamu. Jina lake hatupewi, lakini tofauti na mwanamke wa Kumbukumbu 21, yeye anasema, na jemadari aliyeshindwa na ukoma wake anasafiri kwa neno lake. Naye Amosi, aliyehubiri katika karne ya 8 KK, anatangaza hukumu juu ya Gaza kwa kuwachukua mateka watu wa miji mizima na kuwatoa kwa Edomu. Gaza haikuwa na Torati, na bado inahukumiwa kwa jambo hilo. Yaani kwa Amosi ubaya wa kufanya biashara ya mateka unajulikana hata na asiyepewa sheria.

Sasa habari za watu wenyewe. Nenda nyumbani kwa huyo msichana, baada ya kuongea na mama yake, na usiende kumrudisha darasani. Nenda kumjibu. Mwambie kwamba swali lake lilikuwa la haki, kwamba hakuulizwa, na kwamba ulipaswa kusema hivyo kabla ya mwenzake kusema lake. Usimwombe shangazi asimulie lolote, wala usimtumie kama mfano darasani hata bila kumtaja jina, kwa maana katika mji mdogo watu hufahamiana. Kama shangazi mwenyewe atataka kuzungumza, msikilize, na ujue mapema ni muuguzi au mshauri gani aliye karibu anayeweza kumsaidia kuliko wewe na mimi.

Yule kijana usimwaibishe mbele ya wenzake. Mchukue kando, umweleze kwamba neno mke halisafishi kilichofanyika. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la waasi la LRA la Uganda, kwa makosa mengi, na mojawapo lilikuwa kuwalazimisha wanawake na wasichana waliotekwa kuwa wake. Kijana huyo ana umri wa kutosha kuelewa habari hiyo, na ana umri wa kutosha kumwomba msamaha mwenzake akiisha kuielewa.

Kwa mzee wenu nenda na Biblia, si na malalamiko. Mwombe asome nawe Mathayo 19 na hiyo sura ya Odedi, kisha umwambie unachokusudia kufundisha, ili asije akasikia kwa wengine. Akikataa kabisa, mpelekee jambo hili mchungaji wa usharika, kwa kuwa mafundisho ya kipaimara yako chini yake.

Darasani ningebadili mpangilio. Anza na Odedi, wiki inayofuata msome Elisha pamoja na yule msichana wa nyumba ya Naamani, na Kumbukumbu 21 iwe ya tatu, isomwe na wewe mwenyewe badala ya mwanafunzi. Vijana watakuwa wameshaona kwamba mateka anaweza kusema na kwamba mshindi anaweza kurudisha, na watalisikia lile neno "umemtweza" wakiwa na kitu cha kulipimia. Wape nafasi ya kuuliza, hata kama kipindi chote kitaishia kwenye maswali na sura ya 22 ikasubiri.